Boti ya futi 21: zege omoni (mbele), kiraka tezini (nyuma). Nifunge mashine gani?

#1 NgamaKavu
Wakuu, nimechukua boti ya faiba ya futi 21, tumbo la V kali, haina injini. Nataka kuifufua, ila aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa na mawazo yake peke yake.

Ukuta wa nyuma una kiraka kikubwa cha umbo la yai. Ni wazi kwamba zamani pale ulitokea mguu wa injini ya ndani, ile sehemu ya nje inayobeba rafadha. Juu ya kiraka imefungwa braketi ya aluminiamu, sanduku tupu la kuchomelea, limetoka nje inchi 30. Ndani, vitanda vya injini ya zamani bado vipo lakini vimekatwa kwa msumeno hadi nusu. Sitaha imenyanyuliwa. Na kubwa kuliko yote: omoni, chini ya sakafu, kuna sanduku la faiba lililozibwa pande zote. Nimetoboa nikakuta ZEGE. Zege kabisa, lenye kokoto.

Maswali mawili. Huyu bwana alikuwa anatafuta nini? Na mimi nifunge nini: mashine ya nje ya farasi 150 ya mipigo minne kwenye hiyo braketi, V6 (silinda sita) ya zamani ya mipigo miwili ambayo naweza kuipata, au nirudishe injini ndani kama boti ilivyozaliwa?

#2 KaaMkao
Zege! Nimeweka kiti hapa, siondoki.

#3 FundiFaiba
Mkuu, habari za mashine ziache kwanza. Huo ukuta wa nyuma ndio boti yenyewe. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, gonga kila inchi chache. Palipo pazima patalia kwa sauti kali na fupi, palipooza patatoa mlio mzito usio na uhai. Kisha toboa vitundu vidogo kutokea ndani, usivuke ganda la nje, uangalie unga wa mbao unaotoka. Mweupe na mkavu, endelea na ndoto zako. Wa kahawia na umelowa, ukuta unafumuliwa.

Vipimo vya unyevu vya kushika mkononi usiviamini sana. Jelkoti, lile tabaka la nje linalong'aa, ikinyonya maji inavidanganya.

#4 Rafadha
Nakazia #3. Na boti yote ipime kwenye mizani ya magari, bodi na trela, halafu utoe uzito wa trela. Boti za zamani zina povu chini ya sitaha, na povu likikaa majini miaka linanyonya. Kila lita ni kilo nzima. Watu wanahangaika na mashine kubwa kumbe wanabeba kisima.

#5 BintiNahodha
Zege mbona linajieleza? Injini ya ndani ya V8 ya chuma pamoja na mguu wake inazidi kilo 400, nayo ilikaa ndani ya boti. Jamaa akaitoa, akaning'iniza mashine nje inchi 30. Tezi ikazama, omo ikapanda, na akifungua mafuta boti inadunda pua juu chini. Badala ya kutafuta chanzo akaweka uzito mbele. Kesi imefungwa.

#6 TeziNzito
Dada BintiNahodha, haraka hiyo. Piga hesabu. Chukulia boti inaegemea mita 2.5 mbele ya ukuta wa nyuma. Injini ya ndani kilo 420, kitovu chake sentimita 60 mbele ya ukuta, maana yake mita 1.9 toka kwenye egemeo: 420 × 1.9 = 798. Mashine ya nje ya mipigo minne kilo 220, kitovu chake sentimita 90 nyuma ya ukuta, yaani mita 3.4: 220 × 3.4 = 748. Ongeza braketi kilo 35 kwa mita 2.9, unapata kama 100. Jumla 848.

Tofauti ya 798 na 848 ni ndogo. Mtu mzima akisogea mbele hatua mbili ameimaliza. Haihitaji zege.

#7 KaaMkao
Sasa tumeingia darasani. Anayejua ukubwa wa hilo sanduku atuambie kilo ngapi.

#8 NgamaKavu
Sanduku ni kama mita moja kwa nusu mita, kina sentimita 25.

#9 TeziNzito
Zege la kawaida ni kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Lako ni mita 0.125 za ujazo, kwa hiyo kilo 300. Umebeba watu wanne omoni wasioshuka.

#10 BintiNahodha
Kaka TeziNzito, hesabu yako ni ya boti iliyosimama. Boti ikipanda juu ya maji, egemeo linarudi nyuma, na hiyo mita 2.5 yako haipo tena. Kitu kilicho nyuma kabisa kinakuwa na sauti kubwa kuliko ulivyoonyesha. Na hujahesabu tangi la mafuta. Likihamishwa nyuma lilipokuwa injini, hesabu yote inageuka.

NgamaKavu, tangi liko wapi?

#11 NgamaKavu
Tangi liko katikati, la aluminiamu, limezungukwa na povu. Hilo naona ni la kiwandani.

#12 FundiFaiba
Aluminiamu ndani ya povu? Litoe. Povu likishika maji kuzunguka tangi, aluminiamu inaliwa kwa vitundu usivyoviona kwa macho mpaka petroli inukie ngamani. Mkuu usiwashe kitu chochote cha umeme humo kabla ya kuligusa hilo tangi.

#13 MzeeWaKabureta
Vijana, someni namba ya bodi kwanza. Boti zilizotengenezwa Marekani tangu Novemba 1972 zina namba ya HIN, tarakimu na herufi 12, kona ya juu ya kulia ya ukuta wa nyuma. Herufi tatu za kwanza ni za kiwanda, za mwisho zinakupa mwezi na mwaka. Ukijua modeli utajua injini ya kwanza, na ukuta ulikuwa na kimo gani.

#14 NgamaKavu
Shukrani mzee. Ipo, imepakwa rangi lakini inasomeka. Inaishia F687.

#15 PuaJuu
F ni ya sita, na hesabu ya miezi inaanzia Agosti. Kwa hiyo ni Januari.

#16 MzeeWaKabureta
Hapana PuaJuu. Hesabu ya kuanzia Agosti ni ya mtindo wa zamani, ule wenye herufi M kabla ya mwaka, uliokoma 1984. Mtindo wa sasa A ni Januari. F ni Juni, 6 ni 1986, 87 ni mwaka wa modeli. Boti ilitoka kiwandani Juni 1986 kama modeli ya 1987.

Na namba ya pili imefichwa mahali kwenye bodi, kwa boti za kuanzia mwaka huo wa 1984. Aliyekata ukuta anaweza kupoteza ya kwanza, ya pili inabaki.

#17 PuaJuu
Sawa mzee, mwezi wenyewe hausukumi boti.

#18 ShaftiNdefu
1986 inaniletea wazo jingine. Miaka hiyo OMC, kampuni ya Marekani ya mashine za boti, walikuwa na Sea Drive: kichwa cha mashine ya nje kilichofungwa moja kwa moja nyuma ya ukuta mzima kwa kiti chake chenyewe. Ni kama braketi na mashine vilizaliwa pamoja. Baadaye kampuni ilianguka, ikaomba ulinzi wa mufilisi Desemba 2000, vipuri vikawa shida. Wengi waliokuwa nazo walizing'oa wakafunga braketi ya aluminiamu kwenye nafasi ileile. Kwangu mimi hiyo braketi inanusa Sea Drive.

#19 BintiNahodha
Na vitanda vya injini ndani vilikuwa vya nini sasa? Vya kulalia?

#20 ShaftiNdefu
Viwanda vilitoa bodi moja kwa injini tofauti. Mhimili wenye kitanda unaweza kutoka kwenye kalibu ileile, uwe na injini ndani usiwe nayo.

#21 FundiFaiba
Kiraka cha umbo la yai hakielezeki kwa Sea Drive, Shafti. Tundu kubwa namna hiyo ni la mguu wa injini ya ndani. Hapo niko na BintiNahodha.

#22 Rafadha
Tukichepuka kidogo: huo mfumo wa injini ndani na mguu nje ulianzishwa na Mercury, ndio maana wengi wanauita kwa jina lao.

#23 MzeeWaKabureta
Volvo Penta ndio walioanza kuuza kwa wingi, Aquamatic, 1959. MerCruiser ya Mercury ilifuata 1961. Ila kuna chembe ya ukweli: Jim Wynne aliyewapelekea Volvo wazo hilo alikuwa ametoka kufanya kazi Mercury. Na mwaka 1960 boti ya Ray Hunt yenye tumbo la V kali, Moppie, ilishinda mbio za Miami hadi Nassau kwenye bahari iliyochafuka. Toka hapo kila kiwanda kikataka V kali. Ya NgamaKavu ni mjukuu wa hayo mawili kwa pamoja.

#24 KaaMkao
Mjukuu aliyelishwa zege.

#25 MkonoWaKushoto
Mimi sioni shida na kurudisha injini ndani. Tafuta dizeli ya gari, turbo, chonga viungo, funga. Nguvu ya kuvuta iko palepale na mafuta kidogo.

#26 FundiFaiba
Kila uzi lazima atokee mtu wa injini ya gari.

Mkuu, injini ya gari haipoi kwa rejeta majini. Unahitaji kipozea joto cha maji ya chumvi, bomba la moshi lenye maji, pampu ya maji ghafi. Kisha uwiano wa gia wa huo mguu uendane na mizunguko ya dizeli. Na kama ni ya petroli ndiyo mbaya zaidi: stata na altaneta za gari zinatoa cheche nje, ndani ya chumba kilichofungwa chenye mvuke wa petroli. Sheria za Marekani zinataka vifaa vya umeme visivyoweza kuwasha mvuke humo, na sababu yake haihitaji maelezo.

#27 MkonoWaKushoto
Nimesema dizeli. Mvuke wa dizeli hauripuki hivyo. Na boti za kazi duniani kote zinatembea na injini zilizotokana na za malori.

#28 FundiFaiba
Zilizotokana, ndiyo. Zilizobadilishwa na kiwanda. Haya, amefanya yote hayo. Sasa afumue kiraka, arudishe vitanda vilivyokatwa nusu, atafute mguu mzima. Ukimaliza umejenga boti mpya kwa sehemu ngumu zaidi.

#29 NgamaKavu
Dizeli naiweka pembeni, samahani MkonoWaKushoto. Nambieni kati ya 150 ya mipigo minne na V6 ya zamani.

#30 Rafadha
Anza na mwendo unaoutegemea. Kuna kanuni ya Crouch: uzito wote kwa ratili, gawanya kwa nguvu za farasi, chukua kipeuo cha pili, kisha gawanya namba C kwa jibu hilo, unapata maili kwa saa. C kwa boti za aina hii huwa kama 180 hadi 200.

Tuseme boti yako na watu na mafuta ni kilo 1,600, yaani ratili kama 3,530. Kwa farasi 150 ni ratili 23.5 kwa kila farasi, kipeuo chake 4.85. Kwa C ya 190 unapata maili 39, kama noti 34 (maili za baharini kwa saa). Weka zege kilo 300 na povu lililonywa kilo 200, unakuwa kilo 2,100. Jibu linashuka hadi maili 34, noti 30. Noti nne zimemezwa na uchafu ambao hukuuomba. Kabla ya kununua farasi 200, toa kilo 500.

#31 TeziNzito
C unaipataje kabla boti haijatembea? Ukiweka 175 au 200 majibu yanakimbia mbali. Hiyo kanuni ni nzuri kwa kulinganisha, siyo kuahidi.

#32 Rafadha
Ndivyo nilivyoitumia, kulinganisha.

#33 PuaJuu
Mipigo miwili ya zamani ni nyepesi, inaamka haraka, na fundi anaifungua kwa spana tatu. Mimi ningechukua hiyo, hasa kwa boti yenye tezi ya mashaka. Hesabu za #6 zinapungua zenyewe ukiweka mashine ya kilo 190.

#34 ShaftiNdefu
Na unywaji wake wa petroli? Kabureta ya V6 mwendo wa kati inakunywa bila aibu. Tangi la katikati analolitoa litabidi liwe kubwa zaidi, na ule wepesi uliousifu unarudi kama mafuta. Halafu angalia jina la mashine. Evinrude haitengenezwi tena tangu 2020. Vipuri vya kawaida bado vipo, ila vya umeme vya modeli fulani ni kuwinda.

#35 MzeeWaKabureta
Mimi sina ugomvi na mipigo miwili, jina langu mnaliona. Lakini mashine ambayo hujapima mgandamizo wa kila silinda si mashine, ni chuma chenye matumaini. Silinda zipishane kidogo tu. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, ondoka.

#36 FundiFaiba
Turudi kwenye braketi, ndiyo inayonitisha. Kilo 220 zikiwa sentimita 90 nje ya ukuta, boti ikidondoka kutoka kwenye wimbi ule uzito unazidishwa mara kadhaa. Boliti za juu zinavuta kutoka kwenye ukuta, za chini zinasukuma ndani. Sasa za chini zimekaa wapi? Kwenye kiraka. Kama kiraka ni kipande cha plaiwudi kilichochomekwa na kufunikwa faiba upande mmoja, kinasukumwa ndani kidogokidogo kila siku.

Kiraka halali kinachongwa mteremko wa 12 kwa 1. Unene wa milimita 10 unataka mteremko wa milimita 120 kuzunguka tundu. Ukikwangua rangi ukaona mstari mkali badala ya tabaka zinazopishana kama miduara, kifumue.

#37 PuaJuu
Akijenga upya atumie epoksi na mkeka wa nyuzi fupi, tabaka nyingi, atalala usingizi.

#38 FundiFaiba
Epoksi ndiyo, mkeka wa kawaida hapana. Gundi inayoshika nyuzi za mkeka imetengenezwa iyeyuke kwenye staireni, kiyeyusho kilichomo ndani ya resini ya poliesta. Epoksi haina staireni, mkeka unabaki mgumu na haukai kwenye kona. Kwa epoksi tumia kitambaa cha nyuzi za mshazari kilichoshonwa bila mkeka. Na kumbuka jelkoti ya poliesta haipendi kukaa juu ya epoksi. Mwishoni piga rangi ya sehemu mbili.

#39 MkonoWaKushoto
Poliesta imejenga boti hiyo na imekaa toka 1986. Ghafla haifai?

#40 FundiFaiba
Ilijengwa mbichi juu ya mbichi, tabaka zikaungana kikemikali. Wewe unabandika juu ya kitu kilichokauka miaka. Hapo epoksi inashika zaidi. Kama mteremko ni mrefu na umesafisha vizuri, poliesta au vinilesta inaweza kukubali, sikatai. Mimi siendi huko kwa ukuta unaobeba braketi.

#41 NgamaKavu
Nimekwangua na kutoboa. Majibu: nusu ya juu ya ukuta unga mkavu. Chini ya kiraka unga umelowa, mweusi, unanuka. Kiraka kina mstari mkali, hakuna mteremko. FundiFaiba umeshinda.

Lakini kuna jipya. Chini ya rangi nimekuta matundu mawili yaliyozibwa, juu, pande mbili za mstari wa katikati. Kutoka kimoja hadi kingine ni inchi 12 na kama saba ya nane. Na sehemu ya katikati ya ukingo wa juu ina kiungo, kama mtu alikata pengo halafu akalijaza tena.

#42 ShaftiNdefu
12 na 7/8! Hicho ni kipimo cha kawaida cha boliti za juu za mashine ya nje. Za chini huwa inchi 9 na 7/8. Kuna mtu aliwahi kuning'iniza mashine moja kwa moja kwenye ukuta, kabla ya braketi.

#43 BintiNahodha
Kwa hiyo ni hatua tatu. Injini ndani. Kisha ikatolewa, pengo likakatwa, mashine ya nje ikafungwa ukutani. Kisha pengo likajazwa na braketi ikaja, na hapo ndipo zege lilipohitajika.

#44 TeziNzito
Au zege lilikuja kwenye hatua ya pili. Pengo likishakatwa ukingo unakuwa chini, maji ya nyuma yanaingia ukisimama ghafla. Mtu anaweka uzito mbele ili tezi inyanyuke. Sitaha nayo ikanyanyuliwa kwa sababu hiyohiyo, matundu ya kutolea maji yalikuwa yanazama. Braketi ilikuja kutibu, zege likasahaulika.

#45 MzeeWaKabureta
Nyote mnalifanya zege kuwa uzito. Mimi nimeona boti iliyopigwa mwamba omoni, mwenyewe akamwaga zege ndani kuzuia maji na kufunika faiba. NgamaKavu, angalia chini kwa nje, mahali lilipo hilo sanduku. Kuna kovu?

#46 NgamaKavu
Kuna rangi nene ya kuzuia konokono, sijakwangua upande huo. Kuna kama bonde dogo, mkono unalisikia.

#47 BintiNahodha
Bonde linaweza kutokana na zege lenyewe kupigapiga ganda kila wimbi. Sanduku gumu juu ya ganda linalopinda, lazima ganda lilegee pembeni yake.

#48 MzeeWaKabureta
Au ndiyo sababu likamwagwa.

#49 KaaMkao
Kikao cha wazee kimegawanyika. Mkuu ulitoe tu, maiti ichunguzwe.

#50 FundiFaiba
Kulitoa ni lazima, ila usitumie nyundo ya umeme, utapasua ganda. Kata sanduku la faiba pembeni, toboa zege mistari ya matundu, ligawe kwa kabari. Na egemeza bodi kwenye magogo mengi kwanza, mihimili mbele haijakaguliwa.

#51 Rafadha
Zege likitoka na ukuta ukijengwa upya, mimi nasema 150 ya mipigo minne kwenye braketi. Rafadha uichague ili mashine ifike juu kwenye mizunguko iliyoandikwa na kiwanda ukiwa na mzigo. Kwa nyingi za 150 ni 5,000 hadi 6,000. Ikiishia 4,800, punguza pichi ya rafadha, yaani inchi inazosonga mbele kwa mzunguko mmoja. Kila inchi moja inakupa takriban mizunguko 150 hadi 200. Na usukani uwe wa haidroli, kebo ya zamani usiirudishe.

#52 PuaJuu
Bado nasema V6.

#53 TeziNzito
Bila zege na bila braketi, mashine ukutani. Pengo analijua liko wapi.

#54 ShaftiNdefu
Kabla hamjamnunulia mashine, apime wima toka ncha ya V chini hadi ukingo wa juu. Mashine ya ukutani shafti inafuata ukuta, inchi 20 au 25. Kwenye braketi ni tofauti, maji yananyanyuka nyuma ya boti, mashine inapandishwa takriban inchi moja kwa kila futi inayotoka nje. Kwa inchi 30 ni kama mbili na nusu. Pima pia kimo cha kiti cha braketi toka mstari wa chini ya bodi, utuwekee namba zote mbili pamoja na pembe ya ukuta.

#55 NgamaKavu
Ukuta katikati ni inchi 26 na nusu, pamoja na ile sehemu iliyojazwa. Kiti cha braketi ni 25 juu ya mstari wa chini. Pembe sijapata kifaa.

#56 ShaftiNdefu
26 na nusu haipo kwenye orodha ya mtu yeyote. Hapo juu wameongeza kitu. Kata kiungo kidogo tuone kuna plaiwudi ya namna gani ndani.